Siku Nilipomvulia Nguo Mwanangu

Ndugu zangu waumini, msinipigie makofi. Nikiyasikia nitarudi kukaa.

Mwanangu aliuza dume langu la ng'ombe bila kuniuliza, akamwezekea mama yake nyumba kwa bati, kwa sababu masika yote mama alilala na masufuria kitandani yakikinga maji. Sikutaka kusikia. Nilisimama mlangoni mwa zizi, mbele ya majirani, nikavua nguo zote, nikamlaani. Sisi Wakurya tunajua: baba akimvulia mwanawe nguo, amemfuta. Kijana akaenda Nyangoto kuchimba dhahabu. Kila alikoposa alikataliwa. Nani ampe binti yake mtu mwenye laana ya baba?

Baadhi yenu mlikuwepo siku ile, na mlicheka. Nawaona mlipokaa.

Nikiulizwa, nilisema hasira ilinizidi. Nilitembea kifua mbele.

Mwaka jana macho ya mke wangu yalipungua nguvu, nikawa namsomea kitabu cha hadithi alichokiacha mtoto wa binti yetu. Humo kulikuwa na mlevi aliyechoma nyumba yake mwenyewe kwa hasira. Nikamtukana sana yule mlevi, nikasema mtu mzima gani huyo asiyeweza kujizuia. Mke wangu alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinua kichwa.

"Huyo alikuwa amelewa, mzee. Wewe ulikuwa umekunywa nini?"

Nilitaka kumtupia kitabu. Halafu nikakumbuka kwamba siku ile, pale zizini, nilifungua vifungo vya shati kimoja kimoja. Ndugu zangu, nawaambia, aliyezidiwa na hasira hahangaiki na vifungo.

Nikamfuata kijana Nyangoto. Alikuwa anaponda mawe, hakunipa hata shikamoo.

"Umekuja kumalizia?"

Nikamwambia nimekuja kuiondoa laana.

"Ulinilaani mbele ya watu. Iondoe mbele ya watu."

Mchungaji utanisamehe, tulifanya kimila. Wazee walikaa zizini, nikampulizia maji kifuani nikitamka kwamba huyu ni mwanangu. Alivumilia, akajifuta kwa kiganja, akaingia kula kwa mama yake. Kwangu hajaingia.

Nawashukuru wazee waliokubali kuja, maana wapo waliokataa, na wengine wamo humu. Namshukuru mke wangu. Nanyi mnaosema hasira iliwazidi, kawaulizeni wake zenu, halafu mkae kimya mjibiwe.

Kijana ameposa huko Nyansurura na wamemkubali. Harusi ni mwezi ujao. Mimi sikualikwa, na mtu asiende kuniombea nialikwe.