Njia Aliyoinyoosha Zege

Kijiwe chetu ni benchi moja mlangoni kwa kinyozi, birika la kahawa na sisi tusio na haraka ya kwenda popote. Jioni ile Zege, fundi ujenzi, alifika kajaa vumbi la saruji na furaha. Wanajenga chumba cha mtambo unaorusha chembe ndogo mno kwa kasi, zinagonga kipande cha chuma hadi kinataka kuyeyuka, kinapozwa kwa maji. Kuta zake ni nene kuliko benchi letu lilivyo refu. Furaha yenyewe ni binti yake: kapata ukarani hapohapo, na meza yake Zege kaipigania iwekwe mkabala na mlango wa chumba, apate hewa.

— Ila mchoro wao ulikuwa na kasoro, akasema. Njia ya kuingilia wameipinda mara mbili. Toroli haikati kona. Mhandisi yuko safarini, nikainyoosha.

Tukampongeza. Kisha tukaanza kubishana kwa nini waliipinda.

— Wezi, akasema Breki, dereva mstaafu. Mwizi akitoka mbio na kile chuma, anajibamiza ukutani.

Kinyozi akasema Breki hana akili, ile ni kuzuia joto.

— Joto si lina maji yake? Breki akamrudi. Kona ya nini?

Kinyozi akaibuka na jipya: kuna vitu vinachomoka pale kwenye chuma, havionekani, vinakwenda moja kwa moja tu. Ndiyo maana kuta nene. Vikikuta kona, vinaishia hapo.

Breki alicheka hadi kahawa ikampalia. Kitu kisichoonekana kinajuaje kona? Mimi nilichanganyikiwa kabisa. Kila aliyesema nilimwona kasema kweli.

Mteja aliyekuwa kwenye kiti, kichwa nusu kimenyolewa, mgeni kwetu, akageuka.

— Samahani, mzee wangu. Mtu akisimama pale kwenye chuma, akaangalia nje kupitia hiyo njia uliyoinyoosha, anaona nini?

— Meza ya binti yangu, akasema Zege.

Aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akaomba kuazima nyundo ya Breki, ile kubwa aliyobaki nayo tangu udereva.

— Unakwenda kuvunja kuta ulizozinyoosha? Breki akamuuliza. Mhandisi akikukuta?

— Anikute, akasema Zege, akashika njia ya kurudi kazini.