Mzee Yakiachana, Fundi wa Kalamu za Wino

Baba yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi makufuli na mshona nguo. Bibi alisimulia kwamba tangu utotoni alikuwa harudi kitandani mpaka ahakikishe tena mlango umefungwa, na hali kufuli kaliweka baba yake mwenyewe.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, akasoma chuo cha ufundi, na mwaka 1970 akapokelewa na mjomba wake, sonara. Hapo alijifunza kupanga mabamba membamba ya shaba nyekundu, shaba ya manjano na fedha, kuyabana pamoja na kuyachoma katika tanuri mpaka yashikane bila kuyeyuka. Donge likishapoa alilipinda na kulipiga tupa, michirizi ikajitokeza kama ya mbao. Kutokana na donge hilo alichonga kalamu za wino, moja moja, kwa mkono.

Mwaka 1974 alifanya kosa lililomtia hofu ya maisha. Bamba lilikuwa limeshasafishwa, naye akaliondoa vumbi kwa kidole gumba. Mafuta ya kidole yakabaki ndani, na pale mabamba hayakushikana. Kalamu ilipendeza, ikauzwa. Mwaka uliofuata ikafumuka mkononi mwa mwalimu mkuu na kumchana kiganja. Mwalimu alisamehe, baba hakujisamehe. Tangu hapo, siku ya kupanga mabamba hakumpa mtu mkono, hata baba mkwe. Kila kalamu ilipotoka karakana aliuliza, "Na yakiachana je?" Majirani wakampa jina hilo la Yakiachana.

Alimwoa mama yetu tarehe 8 Desemba 1979. Zawadi yake ya harusi ilikuwa kalamu. "Tafadhali usiiangushe," alimwambia. Mama akamjibu, "Kwani umenioa mimi au umeioa kalamu?" Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu na mimi.

Mwaka 2019 presha ya macho ilianza kumpunguzia kuona, kisha figo zikamsumbua. Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kalamu zote zilizomo mifukoni mwa watu, asijue ipi imeoza ndani. Mlango ukigongwa alishtuka, akidhani moja imerudishwa, nasi tukaogopa kwamba hofu itamwondoa kabla ya maradhi. Mwishowe aliomba tukate kalamu ya mama, ajue. Kaka alikataa katakata. Mama akaitoa kwenye mkoba, akaibana mwenyewe kwenye jiriwa, akanipa msumeno.

"Kata, mwanangu. Baba yako kateseka vya kutosha."

Nilianza kukata. Nikiukuta ufa, nitamwambia nini?

Hapakuwa na ufa. Baba alipitisha ukucha juu ya mkato, taratibu, akarudia, akashusha pumzi. Tukadhani yameisha. Kisha akauliza, "Na zile nyingine?"

Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Sisi watoto ametuachia karakana, na sitaficha, inatutisha.

Mwenye kalamu yake, siku mabamba yakiachana, ailete. Atatukuta. Baba, sasa ni zamu yetu kuogopa. Wewe pumzika kwa amani.