Fundo la Mlinzi wa Kiota

Ndugu waombolezaji, wazee wa kanisa, wenzetu wa shirika la kulinda ndege, na majirani mliosukuma mitumbwi tangu alfajiri, historia hii ya marehemu Kabaso Mwelwa inasomwa na mdogo wake, Chibuye, ambaye familia imemteua ingawa wapo waliotaka mwingine, na kwa kuwa historia ni ya marehemu, msomaji atajiita mdogo wa marehemu, basi.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1971, katika kambi ya wavuvi ya Itulo, humu humu kinamasini Bangweulu, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Mwelwa na mama Chilufya, na mdogo wake akafuata tarehe 2 Machi 1974, akakuta jina la babu limeshachukuliwa na nguo zote zimeshavaliwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akamaliza darasa la saba, wakati mdogo wake aliishia la nne, kwa sababu mtu mmoja alitakiwa kubaki na nyavu, na hakuna aliyeuliza ni yupi. Kuanzia mwaka 1986 ndugu hawa wawili walivua katika mtumbwi mmoja, marehemu mbele akitupa wavu, mdogo wake nyuma akisukuma pondo, ndiyo maana hadi leo anakijua kisogo cha marehemu kuliko uso wake.

Tarehe 19 Septemba 1998 marehemu alifunga ndoa na Mwenya, huyu Bana Musonda, yaani mama Musonda, mnayemwona hapa mkekani, ambaye baba yake alikuwa amepelekewa samaki wakavu na mdogo wa marehemu misimu miwili mfululizo, halafu marehemu akaenda mara moja tu, mikono mitupu, akachekesha watu, akapewa mke. Walijaliwa watoto wanne, Musonda, Kangwa, Chilufya na Mulenga, na wote wanne wana kicheko kile kile.

Tarehe 5 Juni 2012 shirika lilikuja Itulo kutafuta walinzi wa viota vya korongo mdomo-kiatu, yule ndege wa kijivu ambaye vifaranga vyake vilikuwa vikiibwa na kuuzwa mbali, na ndugu wote wawili wakajitokeza, wakaambiwa wakae mafunjoni karibu na kiota hadi adhuhuri bila kumshtua ndege, mdogo wake akakohoa. Kwa kikohozi kile marehemu akapata shati la kijani, darubini na jina la Bwana Ndege, na mdogo wake akarudi kuvua peke yake. Tangu hapo kila kambi aliyofika, watu walimuuliza mdogo wake habari za kaka yake kabla ya kumsalimu.

Walinzi wanajua, lakini wageni wasikie, kwamba mlinzi akipewa kiota husimika mti kwenye mdomo wa mkondo na kuufunga kitambaa cha nguo yake mwenyewe, na mvuvi akiuona hugeuza mtumbwi, ila pasipo na mti maji ni ya kila mtu. Asubuhi ya tarehe 23 Julai 2016, marehemu akiwa kanisani, mdogo wake aliung'oa mti wa kaka yake, akausimika mkondo wa pili, akakifunga kitambaa upya. Wavuvi waliingia na nyavu zao bila kosa, ndege wakahama, siku ya tatu kifaranga kikaokotwa kimekufa, na marehemu akavuliwa lile shati mwaka mzima kwa uzembe. Minong'ono yenu hiyo mdogo wa marehemu anaisikia, na anaistahili.

Marehemu alikwenda kuutazama mti, akaona fundo limefungwa kwa mkono wa kushoto, na katika familia yetu wa mkono wa kushoto ni mmoja, lakini jioni, wakila ubwali, ugali wetu, alisema tu, "Chibuye, fundo lako linashika kuliko langu." Mdogo wake akajibu, "Fundo gani, kaka?" Marehemu akamsogezea samaki, "Kula bwana, ubwali unapoa." Hakumwambia mtu yeyote. Mdogo wake hakushukuru, alikasirika zaidi, maana sasa hata kwa wema kaka yake alikuwa amemshinda.

Marehemu alirudishwa kazini Agosti 2017, akalinda hadi vifaranga sita vikaruka, picha yake ikawekwa kwenye kalenda ya shirika, na ipo nyumba moja Itulo ambamo kalenda hiyo ilitundikwa ikitazama ukuta.

Aprili 2025 alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa tarehe 11 Agosti, akarudishwa nyumbani tarehe 20 Septemba. Tarehe 28 alimwita mdogo wake, akamvisha darubini shingoni, akasema, "Kamalizie kukilinda kile kifaranga cha kiotani kwangu, siku yoyote kitaruka." Mdogo wake akasema, "Walinzi wapo wengi, kaka, mwite mwingine." Akajibiwa, "Wewe umeshaona kiota kikifa. Hao wengine hawajaona."

Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025, saa moja na nusu asubuhi, kifaranga kiliruka, mdogo wake akasukuma pondo kwa muda wa saa nne bila kupumzika ili ampelekee habari, akafika na kusikia vilio, kwa kuwa marehemu alifariki saa tatu asubuhi, akiwa amezungukwa na watu wote isipokuwa mdogo wake, naye aliwaonea wivu wote waliokuwamo chumbani. Kuruka kule alikuona peke yake, na ndicho kitu pekee maishani alichowahi kuwa nacho ambacho kaka yake hakuwa nacho, na angekitoa leo kama kungekuwa na wa kumpa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, na walinzi wenzake mliolibeba jeneza hadi hapa. Jana mti wa kiota umesimikwa upya, unasubiri msimu ujao.

Pumzika kwa amani, kaka. Fundo nimelifunga kwa mkono wa kushoto, utalijua.