Kikombe Chekundu cha King'ora

Kila mji una mahali ambapo habari hufika kabla jambo lenyewe halijatokea, na mjini Torvola mahali hapo ni benchi la mbao mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Irja Lahti. Benchi linatazama mashariki. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tano jua hukupiga usoni, ng'ambo ya barabara huoni kitu ila mwanga, na katika mji ambao theluji huondoka Mei na kurudi Oktoba, nani atalalamika kupigwa na jua? Upande wa mlango hukaa Reino Kangas, aitwaye Katapila, aliyeendesha gari la kusukuma theluji miaka thelathini na mmoja. Katikati hukaa Ossian Pelto, aitwaye Amina, aliyepiga kinanda cha kanisa mpaka vidole vikagoma. Mwishoni, karibu na nguzo, hukaa Wendell Trezona, mzimamoto wa kujitolea tangu mgodi ukiwa hai. Huyo ndiye King'ora. Irja mwenyewe, ambaye hata wateja humwita Misumari, husimama mlangoni na birika la kahawa na kikapu cha korpu, ile mikate mikavu ya mdalasini isiyolika mpaka uichovye.

Asubuhi hiyo King'ora alichelewa. Aliliegesha pikapu lake mbele ya benki iliyofungwa, ng'ambo ya barabara, kinyumenyume kama siku zote, maana mtu wa zimamoto haegeshi gari pua ukutani. Ufunguo akauacha palepale unapochomekwa. Akavuka, akaweka kikombe chake chekundu cha kikosi pembeni mwa benchi, akakaa bila salamu.

Katapila: Habari ya asubuhi na wewe pia.

King'ora: Jumamosi siendi.

Misumari: Huendi wapi?

King'ora: Maktaba. Mwambieni yule mpwa wa marehemu asinihesabu.

Wote walijua anachosema. Lempi Harju, aliyekuwa mpishi wa shule, alikufa Oktoba akiwa na miaka sabini na minane. Mpwa wake alipokwenda kusafisha sauna ya nyumbani, kile kibanda cha kuogea mvuke, alikuta chini ya ngazi ya juu ya kukalia picha kumi na nne, moja ya kila mwaka, zimefungwa kwenye mashuka. Zote ni za benchi hili. Bwana mmoja kutoka Detroit alikuja, akazitazama saa nzima bila kuvua koti, kisha akaandika gazetini kwamba Marekani ilikuwa na mchoraji wa kisasa na haikujua, kwa sababu mchoraji huyo alikuwa anakaanga viazi. Sasa Jumamosi maktaba inazionyesha, na kila aliyechorwa atasimama kando ya picha yake aseme neno.

Katapila amechorwa mara kumi na nne. Amina mara kumi na nne. Misumari mara tisa, na katika mbili ameshika birika. King'ora, mwenye miaka kumi na tisa kwenye benchi hili, hakuchorwa hata mara moja.

Katapila: Usinune, mzee. Asiyekuwepo na lake halipo.

King'ora: Nilikuwepo!

Amina: Kikombe chake kipo. Tazama.

Amina alikifungua kijitabu cha maktaba juu ya goti. Kweli. Katika kila picha, pembeni mwa benchi, karibu na nguzo, kuna pengo la mtu mmoja mnene, na kwenye pengo hilo kikombe chekundu.

King'ora: Ndiyo maana siendi. Mtu anakiona kikombe changu miaka kumi na minne, mimi hanioni? Nikasimame kando ya kikombe nihutubie?

Misumari: Pole, Wendell. Chukua korpu.

King'ora alichukua, hakuichovya. Aliijua sababu ya kutochorwa, ila hakuwahi kuitamka hapa. Mwaka ule sauna ya Lempi iliposhika moto, yeye alifika wa kwanza, akaupasua mlango kwa shoka mapigo manne. Lempi alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo, moto ameshauzima. Akautazama mlango, akamtazama yeye, akasema maneno matatu: "Ulikuwa wazi, Wendell." Tangu siku hiyo walipokutana njiani walipungiana mkono tu. Mwezi huo huo Lempi alianza picha ya kwanza. Tarehe imeandikwa nyuma ya ubao.

King'ora alichungulia tena kijitabu, akitafuta hata kiatu chake.

Amina: Mimi linalonisumbua si pengo. Ni hiki kitu cha chini.

Chini ya kila picha palikuwa na nundu pana, ya kijani kinachokaribia weusi, imekatisha barabara kama mnyama aliyelala.

Katapila: Hilo ni paa la mgodi.

Amina: Mgodi hauna paa, wee.

Katapila: Kwa ndani unalo! Baba yake Lempi alikuwa fundi wa mihimili kule chini. Alijua handaki namba sita limepita chini ya barabara hii hii. Mwanawe akachora onyo. Siku moja benchi litazama na sisi juu yake.

Akanyanyua miguu yote miwili kutoka chini, akakaa hivyo na kahawa yake.

Amina: Acha kutufunga kamba. Huyo ni samaki wa nabii Yona. Lempi alikaa ibadani nyuma yangu miaka arobaini, najua alikuwa anasoma nini wakati wa mahubiri. Samaki anakuja kutumeza kwa umbeya. Kila picha anazidi kusogea.

Misumari: Hasogei. Nimepima na rula. Na rangi hiyo naijua, nilichanganya mimi. Mke wa Urho aliitaka ya mlango, nilipomchanganyia akasema inafanana na supu ya mbaazi iliyochacha, akairudisha. Lempi hakununua rangi nyingine ila zile zilizorudishwa. Hii bluu ya anga ni ya bafu la mchungaji. Hii waridi ni ya yule daktari wa meno. Mji mzima umo humu, katika rangi mlizozikataa.

Amina: Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Misumari: Inahusiana nini?

Amina: Inahusiana.

Katapila: Basi si mgodi, ni nyambizi. Ziwa Superior lina kina cha kutosha. Na huu mstari hapa juu pembeni, huu mweupe wenye vidole kama mguu wa kuku? Waya wa redio. Picha saba za kwanza haupo, saba za mwisho upo. Maana yake walifunga mitambo katikati!

Amina: Hiyo ni radi ya hukumu.

Katapila: Radi moja, mahali pale pale, miaka saba? Hata Mungu angebadilisha kona. Na kwa nini tumefinya macho wote, kama tumelamba ndimu? Alikuwa anatucheka yule.

King'ora: Heri yenu mliochekwa.

Misumari akammiminia kahawa ingawa kikombe kilikuwa bado nusu. Katapila akaona ageuze mazungumzo, na akageuza vibaya.

Katapila: Gari linaendeleaje?

King'ora: Usiniulize gari, wewe mwizi. Miaka yote nikitoka hapa nakuta kiti kimesogezwa mbele, usukani unanikaa tumboni kama kisu kwenye siagi. Nakuta makombo ya korpu. Nakuta rangi ya manjano kwenye usukani.

Katapila: Nimeapa mbele ya Amina! Nilikuwa nimekaa hapa na wewe, ningesogezaje? Sema tumbo linakua.

King'ora: Basi mbona umeacha? Tangu Oktoba kiti hakijaguswa. Umetubu, sema tu umetubu.

Katapila: Kikulacho ki nguoni mwako. Punguza viazi.

Wakati huo lori la mkate lilisimama mbele ya duka. Dereva alikuwa mgeni, wiki yake ya kwanza katika njia hiyo, mtu wa makamo kutoka Green Bay aitwaye Odell Fontaine. Alishuka na trei mbili, akampa Misumari, na alipokuwa anasubiri sahihi akainamia kijitabu juu ya goti la Amina. Akakitazama. Akainua kichwa, akalitazama benchi. Akakitazama tena.

Odell: Samahanini wazee. Ndiyo ninyi hawa?

Katapila: Ndiyo sisi. Huyu mwenye sura ya ndimu ni mimi.

Odell: Mmetoka sawasawa kabisa. Sasa, huyo mchoraji alikuwa amekaa wapi?

Amina alimtazama Misumari. Misumari aliitazama mikate.

Amina: Nyumbani kwake, nadhani. Kutoka kichwani.

Misumari: Vifungo vya koti lako viko vinne na cha tatu kimening'inia. Nani anakumbuka hivyo kichwani?

Katapila: Basi alisimama. Pale. Au pale.

Odell: Kwenye baridi? Na ninyi hamkumwona, miaka yote?

Amina aliinua kikombe, kikawa kitupu. Katapila akalitikisa birika, nalo tupu; akamrudishia Misumari. Wote walitazama ng'ambo ya barabara kwa macho yaliyofinywa na hawakuona kitu ila mwanga.

King'ora alikuwa amekichukua kijitabu. Kwa mara ya kwanza hakutafuta sura yake. Alitazama kona ya juu, ule mguu wa kuku: vidole vitatu, cha kati kirefu kuliko vingine. Miaka saba alikuwa anaendesha akiutazama. Tangu siku Katapila alipopita na gari la theluji na kokoto likaruka, likapiga kioo cha mbele.

Alisimama. Kikombe akakiacha, kijitabu akamrudishia Amina.

Katapila: We King'ora! Umekasirika? Natania, bwana!

Alivuka barabara, akaingia kwenye pikapu. Kiti kilikuwa pale pale alipokiacha. Akashika kishikio chini, akakivuta mbele, mpaka meno ya mwisho, kwa kipimo cha mwanamke mfupi anayetaka kuegemeza ubao kwenye usukani. Tumbo likagoma kidogo, likakubali. Akainua macho.

Hapo chini boneti la kijani, pana, limekatisha barabara. Juu pembeni, ufa. Jua lilikuwa nyuma yake na lote lilikuwa limemwagika ng'ambo, juu ya benchi: Katapila amefinya macho, Amina amefinya macho, Misumari mlangoni na birika. Kando ya nguzo, pengo la mtu mmoja mnene na kikombe chekundu. Na yule mtu angekuwepo vipi pale, na yeye ndiye anayetazama kutoka hapa, kwenye kiti chake mwenyewe, ndani ya gari lake mwenyewe? Mara kumi na nne Lempi alikuwa amelichora gari lake, na pengo aliloliacha ni la mwenye gari.

Akacheka peke yake mpaka honi ikalia kwa tumbo.

Walikuja mbio, Amina na kijitabu, Misumari na birika, Katapila na kahawa ya mwisho ikimwagika, Odell nyuma yao na kalamu mkononi. King'ora aliteremsha kioo, akawaonyesha boneti, akawaonyesha ufa, akagonga usukani palipobaki ile manjano. Ilichukua dakika nzima. Kisha Katapila akavua kofia.

Katapila: Nyambizi yangu, jamani.

Misumari: Kwa hiyo Jumamosi utasimama wapi, Wendell?

King'ora: Nitalileta gari mbele ya maktaba. Nitakaa humu.

Katapila: Ngoja kwanza. Bibi mzima, miaka kumi na minne, anaingia ndani ya gari la watu asubuhi peupe. Alikuwa anaingiaje?

King'ora alipitisha kiganja juu ya mlango wa pikapu, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi.

— Ulikuwa wazi, Reino.