Kuku wa Julai

Kwenye basi la Huonville, Noreen alipakata kapu lenye kuku na mayai yake, akimpeleka kwa dada yake mwenye jiko la kuni. Mzee asiyemfahamu, aliyekaa kiti cha jirani, akachungulia. "Mama wee, unamwacha aatamie na barafu hii? Vifaranga watakuwa mawe!"

"Marehemu bibi alisema Julai ndio mwezi wa vifaranga."

"Bibi mwenyewe mzaliwa wa wapi?"

"Uingereza."

"Ahaa! Kwao Julai ni joto. Huku Tasmania ndiyo baridi yenyewe!"

Noreen akachanganyikiwa kabisa. Miaka yote hiyo mayai yalipokosa kuanguliwa, alikuwa akimlaumu jogoo. "Sasa huyu kuku kazaliwa hapa hapa. Yeye nani kamdanganya?"

Mzee akaliinamia kapu tena. Basi likasimama. Ndani ya kapu kitu kikalia: pii.