Hatua Sabini za Marehemu Balozi

Benchi letu liko Mlowo, kando ya barabara kuu, mbele ya kibanda changu cha ushonaji. Mwenye birika ni Restuta, aliyejifunza kupika kahawa chungu alipoishi Dar. Kabla yake sisi tulikuwa tunalima kahawa na kunywa chai. Profesa ni Masumbuko, fundi baiskeli, mwenye redio. Brigedia ni Makene, Msukuma aliyepanda huku kutoka Momba akalinda ghala, na cheo hicho alijipa mwenyewe baada ya mafunzo ya mgambo. Halafu kuna Mlingoti na Kisiki, yaani Ezron na Andongwisye, wakulima wa njia ya Itaka. Mmoja ni mrefu mpaka anainama kuingia kibandani kwangu, mwingine ni mfupi, na akisimama mahali haondoki. Mashamba yao yamepakana, na ilikuwa misimu miwili hawajasemeshana. Walikaa benchi moja, huyu mwanzo yule mwisho, na kama kuna la kuambiana lilipitia kwa Restuta. Asubuhi hiyo, Oktoba ya tisini na tisa, kulikuwa na baridi na Profesa alikuja na habari.

PROFESA: Kile chombo cha Wamarekani kilichokwenda Mars kimepotea. Miezi tisa njiani, kufika tu, kimya.

BRIGEDIA: Kimetunguliwa.

PROFESA: Na nani? Kule hakuna mtu.

BRIGEDIA: Umejuaje? Penye mali pana mlinzi. Hata mimi nikiwa lindoni huwezi kuniona.

RESTUTA: Kwa sababu umelala.

PROFESA: Redio imetaja sababu. Kundi moja lilipima kwa vipimo hivi, kundi jingine kwa vipimo vile, na hawakuulizana. Chombo kikashuka chini mno, kwisha habari. Ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

RESTUTA: Hiyo inaingiaje hapo?

PROFESA: Inaingia. Wewe mimina tu.

KISIKI: Watu wasomi namna hiyo wasahau kuulizana kipimo? Fiksi hizo.

MLINGOTI: Restuta, mwambie huyo mzee siyo fiksi. Wapo watu wanapima vibaya maisha yao yote na hawajijui.

RESTUTA: Ezron, amekusikia. Yuko hapo hapo.

KISIKI: Mwambie sijasikia kitu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mistari mitatu ya kahawa. Zamani balozi wetu wa nyumba kumi aliwagawia ardhi, akasema shamba la Ezron linaanzia barabarani, hatua sabini, na linalobaki mpaka mtoni ni la Andongwisye. Miaka yote hakuna aliyehesabu. Walichuma pamoja, wakapeleka pamoja kwenye chama cha msingi cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na magari yao, kila mtu akataka kujua mwisho wake. Mlingoti akapiga hatua sabini, akaimeza mistari mitatu. Kisiki naye akapiga hatua sabini kutoka barabara ile ile, akaishia kabla ya mistari mitatu. Balozi alishafariki. Tangu hapo mistari ile haichumwi, maana atakayeigusa ataitiwa mgambo. Kahawa inaivia mtini, inakauka, inaanguka. Mimi mwenye shamba dogo la mteremko mbaya nikiiona naumia kuliko wao.

PROFESA: Halafu vita ya Waethiopia na Waeritrea bado inaendelea. Mwaka wa pili sasa. Wamechimba mahandaki, wanaangaliana. Wakisogea kidogo, wanarudishwa. Watu wanakufa kwa maelfu.

RESTUTA: Wanagombea nini?

PROFESA: Mpaka. Tena ardhi yenyewe kavu, mawe matupu.

BRIGEDIA: Hakuna anayekufa kwa ajili ya mawe. Chini kuna kitu.

PROFESA: Hapo umenena. Chini kuna kimondo kama chetu cha Ndolezi, chuma kitupu. Wamarekani wanajua. Chombo hakikwenda Mars, Mars ni geresha. Kiko juu ya mahandaki kinachungulia.

BRIGEDIA: Sasa nikuambie usilolijua. Kimondo chetu nacho ni chombo. Watu wa Mars walikirusha zamani, nao wakakosea vipimo. Kilikuwa kinakwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia.

RESTUTA: Kiende Nakonde kufanya nini?

BRIGEDIA: Kununua sukari, kama watu wengine.

PROFESA: Haba na haba hujaza kibaba.

Restuta akazungusha birika, kila mtu akapata kidogo kidogo, na nilisikia kwa mlio wake kwamba kahawa inaelekea ukingoni.

BRIGEDIA: Vita ile naielewa. Inaitwa ya kuchoshana. Siyo ya risasi, ni ya makalio. Atakayechoka kukaa ndiye kashindwa.

Hakuna aliyetaka kuwatazama wale wawili, lakini tuliwatazama. Mlingoti alikuwa anaangalia barabara. Kisiki alikuwa anaangalia kikombe.

Ndipo akaja dada mmoja mwenye kikapu mgongoni, kanga kiunoni, vumbi mpaka magotini. Alisema anaitwa Faudhia, ametoka Ndalambo kutafuta kazi ya kuchuma.

FAUDHIA: Shikamooni wazee.

SOTE: Marahaba.

FAUDHIA: Nimepita njia ya Itaka, nimeona mistari mitatu ya kahawa imeiva mpaka inaanguka. Kila ninayemuuliza ananiambia nije hapa benchini. Mwenyewe ni nani, nimwombe kazi?

Lori likapita. Profesa, ambaye ana jibu la kila kitu mpaka Mars, akawa anasafisha miwani.

RESTUTA: Ina wenyewe, dada.

FAUDHIA: Ndiyo. Nani?

PROFESA: Mmoja anasema yake inafika hatua sabini kutoka barabarani. Na mwingine naye anakubali ni hatua sabini.

FAUDHIA: Sasa si wamekubaliana?

Akafuata macho yetu, akamtazama Mlingoti miguu, akamtazama Kisiki miguu. Hakucheka. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

FAUDHIA: Aliyesema sabini, yeye alikuwa na miguu gani?

BRIGEDIA: Alikuwa anachechemea.

FAUDHIA: Basi tuache miguu. Nani aliipanda?

Hilo lilijulikana. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa mvua za kwanza za mwaka themanini na sita. Andongwisye alishika kamba upande huu, Ezron akaishika upande ule, wakaivuta ikanyooka, wakachimba mashimo toka barabarani hadi mtoni bila kusimama popote. Mke wa Ezron alileta chakula sufuria moja. Jibu lilikuwa neno moja tu, sisi, na kulitamka kulihitaji watu wawili.

Restuta akainamisha birika. Yakatoka matone na machicha.

RESTUTA: Imekwisha.

FAUDHIA: Basi nitapita kesho. Ila wazee, kesho itakuwa imeanguka zaidi.

Akajitwika kikapu akaenda zake. Sisi tukabaki na vikombe vitupu. Kisiki akasafisha koo.

KISIKI: Ezron.

Restuta alishafungua mdomo apokee ujumbe, akaufunga.

KISIKI: Ile kamba bado unayo?

MLINGOTI: Ninayo. Nimemfungia mbuzi.

KISIKI: Inafaa bado?

MLINGOTI: Si ulinunua wewe. Inafaa.

Kisiki aliinuka, akaweka kikombe chini, akashika njia ya Itaka. Mlingoti alihesabu kitu fulani kichwani, kisha naye akainuka. Nilikuwa na futi yangu ya kupimia nguo shingoni, kama kawaida yangu, na katika misimu miwili hakuna aliyeniomba. Wala siku hiyo hawakuiomba. Nilisimama mlangoni nikawaangalia wakiishia kwenye kona ya ghala, na mpaka pale Mlingoti hakuwa amempita mwenzake. Alikuwa anafupisha hatua.