Ndulele, Maziwa na Jina la Penina Naeku

Historia hii ninaisoma mimi, Parsimei, kaka yake marehemu Penina Naeku, kwa niaba ya familia, na ninaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu tangu jana nimechoka na minong'ono ya huko nyuma.

Marehemu alizaliwa upande wa magharibi wa mlima, alfajiri, ndiyo sababu akaitwa Naeku, mwaka ule sotoka ilipomaliza ng'ombe, na kitabu cha misheni kimeandika tarehe 1 Januari 1891, tarehe wanayopewa wote wasiojua ya kwao, nasi tumechoka kubishana nacho. Alianza shule ya misheni mwaka 1905, akajua kusoma na kuhesabu, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 19 Aprili 1908.

Tarehe 3 Mei 1909 aliajiriwa kwenye shamba la maziwa la Bwana Krause, huyu aliyekaa hapa mbele na kofia magotini, kazi yake ikiwa kugandisha maziwa ya jibini, na aliagizwa kutia ndani yake kipande kikavu cha tumbo la ndama anyonyaye, maana humo mna kile kinachomgandishia ndama maziwa ya mama yake. Lakini tumbo ni nyama, na kwetu nyama na maziwa havikutani siku moja hata mdomoni, sembuse katika sufuria moja, jambo ambalo Bwana alielezwa mara tatu na mara tatu akacheka, akasema atakayetia kitu kingine atafukuzwa.

Basi kila asubuhi Naeku alikitupa kile kipande kwenye shimo la majivu, akaponda ndulele, yale matunda machungu ya manjano yaotayo kwenye maboma ya zamani, akayafunga kitambaani, akayaloweka katika maziwa ya uvuguvugu, yakaganda vizuri kabisa, na Bwana alikula jibini hiyo karibu miaka mitano, akiusifu ule uchungu wake mdogo kwamba unatokana na ubora wa ndama wake. Bwana, samahani, ulikuwa uchungu wa ndulele.

Aliolewa na Simel tarehe 12 Novemba 1910, wakajaliwa binti mmoja, Nashilu, aliyezaliwa tarehe 6 Septemba 1911, mwaka huo huo Simel alipovunjika mguu, ikawa kazi ya mkewe ndiyo inayolisha nyumba. Ndipo mama mkwe wake, Mama Simel, aliposikia kwamba Naeku anachanganya nyama na maziwa, na tangu siku hiyo hakunywa hata tone kutoka kibuyu chake, akamkataza kukama, na ng'ombe watatu walipokufa mwaka 1912 lawama zote zikawa zake, naye akanyamaza, akihofia habari ya ndulele isije ikamfikia Bwana.

Tarehe 9 Februari 1914 alimwagikiwa mguuni na maji ya jibini yaliyokuwa yakichemka, kidonda kikaoza, na Sista Magdalena wa zahanati akakipaka utomvu wa papai bichi, uliokula nyama iliyokufa na kuacha iliyo hai. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba utomvu huo, ndulele na tumbo la ndama vina nguvu ya aina moja, kwamba kwao Ulaya huitumia nguvu hiyo kulainishia ngozi viwandani, na kwamba hata tumboni mwetu sote imo, ndiyo inayoyeyusha nyama na maziwa tunayokula, kwa hiyo sijui hapa nani atamcheka nani. Kidonda kilianza kupona, lakini pepopunda ilikuwa imekwisha kuingia, na akafariki tarehe 27 Februari, saa nne asubuhi.

Tunamshukuru Sista Magdalena, majirani waliomlea Nashilu siku zote hizo, na wenzake wa shambani, ambao walijua na hawakusema.

Kwako, Mama Simel, shikamoo, wewe sina cha kukulaumu, kwa sababu mwaka ule wa 1911 ulikuja kwangu ukaniuliza kwa upole kama ni kweli, na mimi niliyekuwa nikimchumia dada yangu ndulele hizo kwa mikono yangu, nilitazama chini nikasema sijui.

Nilijua, mama. Naeku hakuwahi kuchanganya.

Nimechelewa kulisema, Naeku, mwana wa mama yangu, na sasa limesemwa mbele ya wote, pumzika kwa amani.